Bimu ya siku 8 imevuliwa mirunda, na mimi silali

Ndugu washauri, poleni na majukumu.

Nina miaka 27 na stashahada ya ujenzi. Tangu Mei nasimamia saiti ya jengo la ghorofa hapa Mbeya mjini. Kiwanja kinatazama barabara kuu ya kwenda Tunduma, lakini geti, mikisa (mashine ya kuchanganyia zege) na lundo la kokoto viko uchochoroni, upande wa pili. Tuko watu 24: mafundi 7, waliobaki ni saidia fundi na vibarua wanaobadilika kila wiki. Fundi mkuu wetu ni mzee wa miaka 58. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, halafu dakika tano baadaye mimi huyo huyo ndiye natakiwa kumwelekeza kazi.

Alhamisi iliyopita bosi wangu, mkandarasi, alimpigia simu mzee, mimi nikiwa nimeenda kufuata nondo. Akamwambia, "Toeni mirunda ya mbele mpeleke juu." Mirunda ni ile miti inayoshikilia zege mpaka likomae. Bosi alikusudia ya slabu (zege la sakafu ya ghorofa) ya upande wa barabara kuu, ina wiki 4 sasa. Mzee alikuwa amesimama kwenye mikisa, na kwake yeye mbele ni getini. Niliporudi nikakuta wameshang'oa mirunda yote 6 chini ya bimu moja (mhimili wa zege unaobeba slabu) ya mita 4 iliyomwagwa siku 8 tu nyuma. Nilifoka mbele ya watu wote. Tukarudisha mirunda 3, mingine ilishapelekwa juu.

Kesho yake mama ntilie ndiye aliyenidokeza kwamba vijana wanasema bimu imepasuka, na mmoja wao ameupaka ufa saruji ili nisiuone. Hakuna aliyekuja kuniambia. Mzee hanisemeshi zaidi ya kuitikia salamu.

Bosi anataka slabu ya juu imwagwe Jumamosi ijayo kabla mvua za Novemba hazijachanganya. Anapiga simu mara kumi kwa siku, kila simu na agizo jipya. Usiku wa manane niko macho nahesabu mirunda. Simu ikiita tu, tumbo linanikaza. Juzi nimemfokea hadi mdogo wangu nyumbani kwa sababu ya chumvi.

Hiyo bimu niifanye nini? Watu watanisikiaje bila mimi kufoka, na bila kumvunjia mzee heshima? Na bosi nimwambieje?

Msimamizi, Mbeya

JIBU

Pole sana, msimamizi. Tunaanza na bimu. Mengine tunaweza kuyazungumza taratibu, hilo hapana.

Leo hii, kabla hujamaliza kusoma, zungusha kamba chini ya bimu hiyo na chini ya slabu inayoiegemea, mita 2 kila upande, na mtu asipite humo isipokuwa wale wanaorudisha mirunda. Kisha panda juu ukaondoe kila kitu kilichopangwa pale: tofali, nondo, mifuko ya saruji. Tofali moja la inchi 6 lisilo na tundu lina kilo 30 hivi, kwa hiyo tofali 100 zilizopangwa vizuri pembeni "zisisumbue" ni tani 3. Bimu yenyewe ya mita 4 pamoja na kipande cha slabu inachokibeba haipungui sana tani 3 na nusu. Mzigo huo wote sasa unategemea zege changa na mirunda mitatu.

Rudisha yote 6, nafasi ya sentimita 60 hadi 70 kati ya mmoja na mwingine. Mrunda usiwe chini ya inchi 4 upande wake mwembamba, usiwe umepinda, na usiwe umeungwa kwa misumari katikati. Chini yake weka kipande cha ubao wa inchi 2 kwa 8, maana udongo wa kujazia uliolowa hata kidogo unazama, na mrunda uliozama sentimita moja haubebi chochote, unasindikiza tu. Kabari zigongwe mpaka mrunda ushike, basi. Hapa ndipo mafundi wengi wenye nia njema hukosea: wanagonga kabari kwa nyundo kubwa ili kuirudisha bimu ilipokuwa. Bimu yako imepangiwa nondo kubwa chini kwa sababu inavutika kwa chini. Ukiisukuma juu katikati, unaifanya ivutike kwa juu, mahali ambapo ina nondo mbili nyembamba za kushikilia ringi (vile vyuma vinavyozungushia nondo). Unapata ufa wa pili. Mirunda ikishashika, ifunge kwa mbao za kuikingamia katikati ya urefu wake, pande zote mbili.

Ile saruji waliyopaka, ikwangue taratibu kwa brashi ya waya mpaka ufa wenyewe uonekane. Chora alama kwa penseli kwenye ncha zake zote mbili, andika tarehe na saa pale pale kwenye zege. Vuta uzi wa fundi chini ya bimu kutoka nguzo hadi nguzo, upime katikati imeshuka milimita ngapi kutoka kwenye uzi, uandike kwenye daftari. Rudia asubuhi na jioni. Piga picha, rula ikiwa kando ya ufa, umtumie mhandisi wa jengo leo, na umwombe aje kwa miguu yake.

Akiwa njiani, jua unachokitazama. Ufa mwembamba uliosimama wima katikati ya bimu, upande wa chini, unaonyesha bimu imepinda kwa mzigo. Mara nyingi mhandisi ana la kufanya. Ufa uliolala mshazari karibu na nguzo ni jambo zito zaidi, kwa sababu bimu inayokatika kwa namna hiyo huwa haiombi ruhusa. Nyufa za zege lenye nondo kwa kawaida hupangiwa zisizidi milimita 0.3. Kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.8, kama ukingo wake unaingia kwenye ufa wako, au ncha zimevuka alama zako za penseli baada ya mirunda kurudi, toa watu wote kwenye jengo na usimruhusu yeyote kurudi kuchukua hata karai.

Kwa nini siku 8 hazitoshi? Zege zuri, lililomwagiliwa maji vizuri, likifika siku 7 huwa na kama theluthi mbili ya nguvu zake za siku 28. Angalia mfuko wa saruji: kama umeandikwa 32.5 badala ya 42.5, nguvu inapanda taratibu zaidi, na baridi ya usiku wa huku kwetu inaichelewesha tena, hasa kwa zege la Juni na Julai. Kipimo kinachotumika sana kwa kuondoa mirunda ni siku 7 kwa slabu yenye upana usiozidi mita 4.5 kati ya bimu na bimu, siku 14 ikizidi hapo. Bimu ya hadi mita 6 ni siku 14, ndefu zaidi ni siku 21. Hicho ni kima cha chini. Mhandisi akiandika siku 21 kwa bimu ya mita 4, ni siku 21. Mbao za ubavuni mwa bimu na za nguzo ni habari nyingine; hizo hazibebi uzito, unaweza kuzifungua baada ya siku moja au mbili.

Na slabu ya juu Jumamosi? Hapana, mpaka mhandisi aandike. Mirunda ya slabu ya juu itasimama juu ya slabu ya chini, na kila mita moja ya mraba ya zege la sentimita 15 inashusha kilo 360 mbichi, bila kuhesabu watu, toroli na mikisa. Hata bimu ingekuwa nzima, mirunda ya ghorofa ya chini ingepaswa kubaki pale, mhandisi asiposema vinginevyo, ili uzito upite hadi ardhini. Aliyeng'oa mirunda ya chini ili afunge ya juu amehamisha tatizo lake ghorofa moja tu.

Sasa twende kwenye simu ya Alhamisi. Umemlaumu mzee, umejilaumu wewe, na bosi pengine analaumu wote wawili. Lakini agizo lenyewe lilikuwa bovu tangu linatoka mdomoni. Kwenye saiti ambayo barabara iko upande huu na geti upande ule, "mbele" iko pande mbili. Nunua kopo moja la rangi nyekundu na moja la nyeupe. Kwa nyeupe, andika kwenye kila nguzo jina lake kama lilivyo kwenye ramani: A1, A2, B1, B2, herufi zenye urefu wa kiganja, pande mbili za nguzo, usawa wa macho. Ghorofa ikipanda, majina yanapanda nayo. Kuanzia hapo maneno mbele, nyuma, kule na huku yapigwe marufuku kwenye maagizo, mtu akiyasema, anayemsikiliza aulize, "Nguzo ipi?"

Rangi nyekundu ni ya mirunda. Kila mrunda ulioko chini ya zege ambalo siku zake hazijatimia upigwe pete nyekundu usawa wa kifua. Sheria ya saiti iwe moja na fupi: penye pete nyekundu hauguswi mrunda bila wewe kuwepo umesimama hapo. Hii inamfikia hata kibarua aliyeanza kazi saa mbili asubuhi, asiyekujua wewe wala mzee, na asiyesoma. Ubao wa plaiwudi getini uonyeshe kila bimu na slabu: imemwagwa lini, inafunguliwa lini, nani ameidhinisha. Chaki inatosha, ila uwe chini ya kipande cha bati, mvua zinakuja.

Agizo lenyewe liwe na mambo matatu: wapi, nini, na mwisho wake wapi. "Toa mirunda ya slabu kati ya A1 na B2, anzia katikati kwenda pembeni, ukifika bimu ya B usimame uniite." Aliyeagizwa alirudie kwa maneno yake. Asipolirudia, chukulia hujasema kitu. Hilo la kuanzia katikati usilione dogo. Slabu au bimu iliyoshikwa pande zote mbili hufunguliwa kuanzia katikati kwenda kwenye nguzo. Baraza linaloning'inia bila nguzo mwishoni hufunguliwa kuanzia ncha ya nje kurudi ukutani. Ukifanya kinyume, mrunda mmoja unabaki katikati umebeba kila kitu, zege linavunjikia juu yake, na kijana anayeugonga yuko chini. Na wakati wa kufungua, watu wawili wanatosha chini ya slabu, mmoja anagonga na mmoja anatazama juu. Waliobaki wakae nje.

Mikisa ikiwa inanguruma, usishindane nayo. Kama watu wawili waliosimama mita 2 kutoka kwa mwenzake wanalazimika kupaza sauti, kelele hapo ni desibeli 85 hivi, na agizo linalopigiwa kelele hufika nusu: neno "usi" mwanzoni mwa kitenzi ndilo huliwa kwanza, na "usitoe" linakuwa "toe". Sema "acha" au "simama", maneno yasiyohitaji kukanushwa. Kwa winchi tumieni mikono. Mkono juu, kidole kinazunguka kuelekea juu: pandisha. Mkono chini, kidole kinazunguka kuelekea chini: shusha. Mkono umenyooshwa ubavuni, kiganja chini, unapelekwa huku na huku: simama. Mikono yote miwili hivyo hivyo: simama sasa hivi, kuna hatari. Anayeongoza winchi ni mmoja tu, avae fulana ya rangi ambayo hakuna mwingine anaivaa, na mwendesha winchi asimtazame mtu mwingine. Isipokuwa kwa kusimamisha. Kusimamisha ni haki ya kila mtu, pamoja na mama ntilie.

Pale kwako najua kuna vijana wa Rungwe wanaopigana utani kwa Kinyakyusa, wa Mbozi na lugha yao, na wawili watatu wa Makete. Utani wao waache nao, unachangamsha kazi. Ila maagizo ya kupandisha, kushusha, kufungua na kusimama yawe Kiswahili kwa wote, kwa maneno yale yale kila siku.

Mzee sasa. Usimtumie mtu, na usisubiri yapoe yenyewe. Nenda kesho mapema kabla ya wengine, mwamkie, mwambie waziwazi: "Baba, nilikufokea mbele ya vijana, haikuwa sawa, naomba unisamehe." Ishia hapo. Ukiongeza "lakini na wewe", umeiharibu. Yeye alipokea agizo kutoka kwa mwenye kazi, kwa simu, na akalitekeleza. Fundi wa rika lake amefundishwa hivyo maisha yote. Akishakubali, omba msaada wake: "Baba, kuanzia leo kila nikitoa agizo naomba wewe uwe wa kwanza kunirudishia nilichosema, nisije nikawa nimejichanganya mimi." Vijana wakiona mzee anarudia agizo, hakuna atakayeona ni kudharauliwa. Na wewe bosi akikuagiza kwa simu, rudia kwa sauti huku mzee akisikia. Sheria inayomhusu mdogo peke yake haiwezi kudumu wiki.

Tunamshauri pia mzee, kama anasoma: ukipigiwa simu ukiwa juu au kwenye mashine, jibu ni "nimesikia bosi, nampa msimamizi akupigie." Hakuna utovu wa adabu hapo.

Kilichotutisha kwenye barua yako kuliko ufa ni safari ya habari za huo ufa. Zilipita kwa vijana wote, zikafika kwenye sufuria za mama ntilie, wewe ukawa wa mwisho. Mtu aliyepaka saruji alikuwa anajikinga na mdomo wako. Kwa hiyo itisha kikao kesho na utangaze mambo mawili. La kwanza, anayekuja kusema "nimeharibu" au "nimeona kitu" hafokewi, hakatwi pesa, hafukuzwi kwa kusema. Anayeficha ndiye ana kesi. La pili, aliyepaka saruji aje aonyeshe kama kuna mahali pengine, na akija umshukuru mbele ya watu. Itakuuma. Fanya hivyo hivyo.

Kikao chenyewe kiwe cha kila asubuhi, dakika 10, kabla mikisa haijawashwa, mmesimama duara karibu na kazi ya siku hiyo. Leo tunafanya nini na wapi, kwa majina ya nguzo. Leo hatari iko wapi: shimo lililo wazi, jukwaa ambalo halijafungwa, waya wa umeme, upepo. Leo nani anaongoza winchi. Leo nini hakiguswi. Uliza mtu mmoja aliyeko nyuma ya duara arudie, kila siku mtu tofauti. Usihubiri, ukipita dakika 10 watu wanatazama buti zao. Kibarua mpya umkabidhi kwa fundi mmoja kwa jina, afanye naye kazi chini kwa siku tatu za mwanzo kabla ya kupanda jukwaani. Jumatatu watazame macho unapowasalimia. Aliyeamka na pombe ya komoni ya jana asipande popote wala asishike winchi. Mvute pembeni, mrudishe nyumbani na mtu wa kumsindikiza, mazungumzo yawe Jumanne.

Bosi wako ana haraka yenye sababu. Mvua zikichanganya, kokoto na mchanga vinalowa, mashimo yanajaa, malori yanakwama uchochoroni, na benki haingoji. Kumwambia "haiwezekani, ni hatari" hakumsaidii, anasikia woga. Mpe tarehe na vipimo, na njia nyingine ya kupata anachotaka. Kwa mfano, kwa ujumbe wa maandishi: "Bosi, bimu ya B1 hadi B2 iling'olewa mirunda ikiwa na siku 8, na imepasuka. Nimeirudishia. Mhandisi namngoja aje aandike. Slabu ya juu haiwezi kumwagwa kabla hajaandika. Ili tusipoteze wiki, kesho tunafungua ya A1 hadi A3 yenye wiki 4 kama mhandisi hana pingamizi, hiyo inatupa mirunda. Iliyobaki naomba tukodi nguzo za chuma au tuletewe milingoti kutoka Mafinga. Nondo za juu tunaendelea kuzisuka chini." Hapo amepata kazi ya wiki nzima bila kumwaga zege. Muulize pia bimu moja ikivunjwa na kumwagwa upya inakula saruji, nondo na siku ngapi. Hesabu hiyo ataifanya mwenyewe kichwani, kwa haraka kuliko wewe.

Kuhusu simu kumi kwa siku, mwombe nyakati tatu maalumu: saa 12 na nusu asubuhi, saa 6 mchana, saa 10 jioni. Nje ya hapo aandike ujumbe, na mabadiliko yoyote ya kufungua, kumwaga au kubomoa yapite kwako kwa maandishi. Makandarasi wengi hukubali ukiwaeleza kwamba maandishi yanawalinda wao. Akikataa, wewe mwenyewe kila baada ya simu mwandikie: "Nimeelewa umeagiza hivi, nitafanya saa fulani." Asipojibu, rekodi ipo. Simu yake usiiweke kwa sauti ya juu katikati ya mafundi. Wakimsikia anavyokukaripia, kazi yako imekuwa ngumu mara mbili.

Kwa upande wako wewe. Kutolala, tumbo kukaza, kumfokea mdogo wako kwa chumvi: huo ni mwili ulioachiwa kubeba orodha nzima kichwani. Usiku unahesabu mirunda kwa sababu hakuna daftari lililoihesabu mchana. Saa 11 jioni, kabla hujatoka saiti, kaa dakika 15 uandike: kilichofanyika, kilichobaki wazi, mirunda mingapi iko wapi, jambo la kwanza la kesho. Funga daftari uliache ofisini. Ukiamka usiku, jibu liko kwenye daftari na huwezi kulifikia hadi asubuhi. Ajabu ni kwamba hiyo inatosha kwa wengi. Kabla ya kupokea simu ya bosi, acha iite mara tatu, vuta pumzi ukihesabu 4, itoe ukihesabu 6, mara tatu nne. Kutoa pumzi polepole kunashusha mapigo ya moyo, na sauti yako inatoka ikiwa ya kawaida. Hasira zikikupanda mbele ya fundi, shughulikia kwanza zile hatari zilizopo: simamisha kazi, watu washuke. Maneno baadaye, pembeni, mkiwa wawili.

Kula pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki, na mapumziko ya saa nzima kwa aliyefanya kazi saa 5 mfululizo. Msimamizi anayekula wali wake amesimama huku akijibu simu hajapumzika. Siku ya zege, ambayo huwa inavuka jioni, panga zamu mbili za kubeba na uji wa saa 4 kwa watu wote. Ndoo ya lita 20 ikijaa zege ni kama kilo 48, na kijana mwenye njaa huidondosha. Kama usingizi haurudi baada ya wiki mbili, au ukianza kuona heri usiwepo, nenda hospitali ueleze yote kama ulivyotueleza sisi, na umwambie mtu wa nyumbani siku hiyo hiyo.

Mwisho, kama mhandisi ameandika usimwage na bosi bado anakuamuru umwage, usimwage. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda watu wake, na OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, wana ofisi ya kanda hapo hapo Mbeya. Wanapokea taarifa na wanakuja kukagua. Uliza pia kama saiti imesajiliwa kwao, na kama kampuni imejisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Majina ya vibarua wote yawe kwenye daftari la mahudhurio kila asubuhi kabla hawajagusa toroli, pamoja na namba ya simu ya ndugu. Bandika getini namba 112 ya dharura, na 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na jina la mtu mwenye gari anayepatikana mchana. Mtu akianguka kutoka juu, asiinuliwe kuketishwa kwenye bajaji. Mmoja amshikilie kichwa kisigeuke, alazwe kwenye ubao ulionyooka, ndipo abebwe.

Ubao wa plaiwudi upo tayari ghorofa ya chini, tunahisi, umeegemezwa ukutani na misumari ikiwa nje. Igonge misumari kwanza.